Moto Uliofukiwa Uwanjani

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Limehifadhiwa kwenye jalada, kwa kuwa shahidi ni mtoto
Umri: Miaka 15
Kazi: Mwanafunzi wa sekondari, kidato cha pili
Makazi: Kwa shangazi yake, nyumba iliyo nyuma ya karakana ya magari
Mlezi aliyehudhuria: Shangazi wa shahidi, msusi
Yamechukuliwa: Jumatatu, tarehe 16, saa tisa na robo alasiri, chumba cha maelezo

Nimeelezwa na afande kwamba niseme nilichokiona na kukisikia mwenyewe, na kitu nisichokijua niseme sikijui. Nimeelewa. Shangazi yangu amekaa nyuma yangu karibu na mlango. Ameambiwa asinisaidie kujibu.

Mimi ni mwanachama wa kikundi cha vijana kinachokutana kila Jumamosi kwenye uwanja wa michezo ulio karibu na tangi la maji. Kiongozi wetu ni fundi baiskeli mwenye kibanda sokoni. Tunamwita Kaka Breki kwa ajili ya kazi yake, na pia kwa sababu akiona mtu anakimbia na kisu au na maji ya moto husema, "Breki, breki," mpaka mtu huyo asimame. Yeye ndiye mliyemweka mahabusu tangu juzi.

Mwezi huu tulikuwa tunajifunza kupika nje kwa kuni. Nimesikia kwamba mtunza uwanja ameeleza kuwa tulichimba mtego na kuufunika. Ni kweli palikuwa na shimo na ni kweli lilifunikwa, lakini halikuwa mtego, na ningependa kueleza kwa nini tunafunika.

Uwanja si wetu, kwa hiyo tunatakiwa kuuacha kama tulivyoukuta. Mahali pa kuwasha moto tunakata nyasi pamoja na udongo wake, vipande vya mraba, kama mtu anavyokata mche wa sabuni. Vipande hivyo tunaviweka kivulini na kuvimwagilia visikauke. Tunachimba kidogo, tunapanga mafiga, tunapika. Tukimaliza tunazima moto, tunarudisha udongo, tunapanga nyasi zetu juu na kuzikanyaga. Kisha Kaka Breki na kundi jingine hutafuta tulipopikia. Wasipopaona, tunapata alama.

Kuhusu kuzima, Kaka Breki alitufundisha tarehe 7, Jumamosi ya wiki iliyotangulia. Asubuhi alifukia makaa bila maji, akatuacha tufanye mambo mengine. Jioni alifukua, akampa mmoja wetu kipande cha gazeti akishikishe pale. Gazeti liliwaka. Alisema, "Mmeona? Kutwa nzima. Kwa hiyo maji, koroga, maji tena, halafu gusa kwa mgongo wa kiganja. Ukimaliza kugusa wewe, niite na mimi niguse. Nisipogusa, hakuna kurudisha nyasi." Aliyeshika lile gazeti ni binamu yangu. Nilikuwa nimesimama upande wake wa kushoto.

Binamu yangu ana miaka kumi na saba. Ni mtoto wa shangazi. Tunaishi nyumba moja, na kwa kuwa ni mkubwa namwita kaka. Ndiye kapteni wa kundi letu.

Mnamo tarehe 14, Jumamosi, tulifika uwanjani saa tatu asubuhi. Kundi letu lilikuwa na watu wanne: binamu yangu, mapacha wawili wa kiume wa muuza mitumba, na mimi. Kundi jingine lilikuwa la watu watano. Siku hiyo ilikuwa ya mashindano. Kundi litakaloshinda lilikuwa liende kambi kubwa ya likizo. Mwakani binamu yangu atakuwa amepita umri wa kwenda, na mwaka jana alikosa kwa alama mbili. Alikuwa ameshatoa begi juu ya kabati.

Kila kundi lilipewa ndoo mbili za maji. Moja ni ya kupikia. Nyingine imefungwa kitambaa chekundu kwenye mkono wake wa kubebea, tunaiita ndoo ya moto, na hairuhusiwi kutumika kupikia wala kunawia. Bomba liko nyumbani kwa mtunza uwanja, upande wa pili kabisa, nyuma ya magoli.

Tulipika wali na maharage. Kuni zetu zilikuwa na unyevu na moshi ulikuwa mwingi. Kundi jingine walituchokoza. Mmoja wao alisema, "Jamani, mnapika au mnafukiza mbu?" Pacha mmoja akamjibu, "Njoo unuse, utarudi kwenu umeshiba." Wakati huo tulikuwa tunacheka wote.

Saa saba hivi maji ya kupikia yaliisha na maharage yalikuwa bado magumu kama kokoto. Nilisema niende bombani. Binamu yangu alisema nitachelewa, akachukua ndoo ya moto akamimina kwenye sufuria. Nilimwambia, "Kaka, hiyo ni ya kuzimia." Akaniambia, "Mwalimu, acha hizo. Tutajaza baadaye." Huwa ananiita Mwalimu ninapomkumbusha jambo. Hakusema kwa ubaya.

Maharage yaliiva. Kaka Breki alionja kwetu kwanza, akasema chumvi iko sawa. Kisha akaenda kwa kundi jingine.

Saa nane na nusu kundi jingine walikuwa wameshaanza kukoroga majivu yao. Binamu yangu aliniambia nipeleke sufuria na sepetu ya akiba kwenye stoo, chini ya jukwaa. Nilichukua ndoo ya moto pia ili nijaze maji nikirudi. Akasema, "Iache hiyo, mapacha watakwenda." Niliiacha.

Nilipofika stoo, Kaka Breki alikuwa pale. Msichana mmoja wa kundi jingine alikuwa amejikata kidole, naye alikuwa anamfunga bandeji. Aliniomba nishike mkasi. Nilishika mkasi mpaka alipomaliza. Tulitoka stoo sote watatu pamoja. Naomba hili liandikwe vizuri, afande, kwa sababu katika muda wote huo Kaka Breki hakutoka pale na mimi sikutoka pale.

Niliporudi kwenye kundi letu, nyasi zilikuwa zimesharudishwa. Zilipangwa vizuri sana, hata mimi ilibidi nitafute mti tuliopikia karibu yake ndipo nijue ni wapi. Ndoo ya moto ilikuwa imelala kwa ubavu, kavu. Nilimuuliza binamu yangu, "Mmezima kwa kitu gani?" Alisema, "Udongo. Tumeujaza mpaka juu, hauna pa kupumulia." Nikauliza, "Kaka Breki amegusa?" Akasema, "Amegusa."

Hapa afande ameniuliza kama ningependa mlezi wangu asubiri nje. Nimesema abaki. Nyumbani nimejaribu kumwambia mara mbili nikashindwa, na hapa angalau kuna mtu anayeandika, siwezi kurudi nyuma. Leo asubuhi Shangazi aliniambia, "Twende ukawaeleze huyo fundi alivyo mzembe, anawachezesha watoto wa watu na moto." Aliamini nitasema hivyo. Shangazi, nisamehe. Afande amesema na hilo naweza kuliacha kwenye maelezo.

Naendelea.

Nilijua kwamba Kaka Breki hakugusa, maana alikuwa na mimi. Lakini sikusema neno, kwa sababu wakati huohuo Kaka Breki alipuliza filimbi ya kumaliza muda akaja kutafuta moto wetu. Alizunguka mara kadhaa akiwa na wale wa kundi jingine. Wengine walipiga magoti wakachungulia majani. Mwisho alinyoosha mikono akasema ameshindwa. Binamu yangu akaenda kusimama juu ya mahali penyewe akacheka. Kaka Breki naye alikwenda akasimama pale pale na viatu vyake vya kazi, akasema, "Mmeuficha huu, jamani. Hata mwenye uwanja akipita hapa hajui kitu." Mtunza uwanja alikuwa anapita na toroli. Najua alisikia kwa sababu aligeuka. Maneno hayo aliyoyaripoti yalisemwa kweli, lakini yalikuwa sifa ya kazi yetu. Hakuna aliyekuwa na nia ya kumdhuru mtu.

Kisha Kaka Breki aliuliza, "Mmezima?" Tukajibu kwa pamoja, "Tumezima." Nami sauti yangu ilikuwemo. Hakuinama kugusa. Ninampenda Kaka Breki kama ndugu, ila nimeambiwa niseme kweli yote, na kweli ni kwamba siku hiyo aliuliza kwa mdomo tu. Nadhani alikuwa anafikiria kile kidole cha yule msichana. Hilo la kufikiria silijui, naomba lifutwe. (Shahidi ameelezwa kwamba linaweza kubaki.)

Tulitangazwa washindi. Binamu yangu alibebwa na mapacha.

Saa kumi na moja kasoro tulikuwa tunakunja kamba na kuhesabu visu kwenye jukwaa. Mtoto wa mtunza uwanja, msichana wa miaka minne tunayemwita Kidoti, alikuwa anakimbia peku kwenye nyasi kama anavyofanya siku zote. Hapo ni kwao. Nilimwona akifika karibu na mti wetu. Mguu wake wa kushoto ulizama. Mwanzoni hakulia. Aliangalia chini kama mtu aliyeangusha kitu, kisha akakaa, na mkono wake nao ukagusa pale. Ndipo aliposikika.

Nilikimbia. Katikati ya nyasi palikuwa pamebomoka na moshi mwembamba ulikuwa unatoka. Mizizi ilikuwa imeungua kwa chini na udongo ulikuwa mwekundu kwa ndani. Kaka Breki alifika kabla yangu. Alimbeba Kidoti mpaka bombani, akafungua maji yakawa yanamwagikia mguu, hakuruhusu mtu apake chochote. Pacha mmoja alileta dawa ya meno, akamwambia airudishe. Alinituma nikaite teksi barabarani, nikaita.

Mtunza uwanja alipokuja aliuliza, "Nani kachimba hapa?" Sisi sote tulikuwepo, watoto tisa. Binamu yangu alikuwa amesimama karibu yangu. Kaka Breki alijibu, "Mimi ndiye mkubwa wao. Ni mimi." Mtunza uwanja akamwambia, "Umemtegea mwanangu mtego." Kaka Breki hakubisha. Alisema tu, "Baba Kidoti, twende hospitali kwanza, halafu unifanye utakavyo." Waliondoka na teksi, wawili hao na mtoto katikati.

Tukiwa njiani kurudi nyumbani binamu yangu aliwaambia mapacha, na mimi nikisikia, "Tukiulizwa, Breki hakutuambia chochote kuhusu maji. Sawa?" Mapacha walisema sawa. Mimi aliniangalia, akangoja. Nikasema nimechoka. Ndilo jibu nililotoa.

Jana, Jumapili, alipiga pasi shati moja mara mbili. Begi alilirudisha juu ya kabati. Alipoitwa kula alisema ameshakula, na hakuwa amekula. Nilipopita mlangoni kwake aliniita kwa jina langu, si Mwalimu, akaniuliza, "Unafikiri atatembea?" Nilimwambia sijui. Akasema, "Sikujua kama udongo ungekaa na joto kiasi kile." Nikamwambia, "Gazeti ulilishika wewe, kaka." Akafunga mlango taratibu.

Afande ameniuliza kama binamu yangu alinitisha. Hapana. Ameniuliza kama mtu yeyote wa upande wa fundi baiskeli amekuja kuniona. Hapana, hakuna. Ameniuliza kwa nini nimekuja na maneno haya leo. Ni kwa sababu Kaka Breki akinyamaza na sisi tukinyamaza, itaandikwa kwamba alitega mtego, naye hakutega. Na binamu yangu hakutega pia. Alifukia moto kwa sababu alitaka tuwahi. Hayo ni mambo mawili tofauti na ningependa yaandikwe tofauti.

Naogopa kurudi nyumbani, lakini si kwamba nitapigwa, sijawahi kupigwa pale. Shangazi alinichukua nikiwa na miaka sita, mama alipokwenda kufanya kazi mbali, na hajawahi kunitenga na mwanawe hata kwenye sahani. Naogopa atakavyoniangalia. Tangu niseme habari ya ndoo sijageuka nyuma.

Sijui Kidoti anaendeleaje. Kama kuna anayejua, naomba aniambie.

Nimeishia hapo. Niliyoyasema ndiyo niliyoyaona na kuyasikia, nimesomewa, na sina la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: (amesaini)

MAELEZO YA OFISA

Mimi, koplo wa dawati la watoto, nimeyachukua maelezo haya kwa mkono wangu na kumsomea shahidi neno kwa neno. Ameyatoa kwa hiari. Amesahihisha mahali pamoja: nilikuwa nimeandika "binamu alificha moto," akaomba isomeke "alifukia."

Nimemjulisha shahidi taarifa ya hospitali ya leo asubuhi: mtoto aliyeungua ana malengelenge unyayoni na kiganjani, na daktari anatarajia atatembea. Shahidi ameomba dakika chache kabla ya kusaini. Amepewa.

Mlezi hakuzungumza wakati maelezo yakichukuliwa. Baadaye aliomba ayasome mwenyewe. Ameyasoma, kisha akarudia ukurasa wenye habari ya ndoo. Amesaini kama mlezi. Ameuliza kama mwanawe aletwe leo au anaweza kusubiri kesho. Nimemjibu kwamba mtuhumiwa ataendelea kukaa mahabusu mpaka mwanawe asikilizwe. Amesema basi ni leo.

Nilimshauri shahidi abaki hapa kituoni wakati mlezi akienda kumchukua kijana. Mlezi amekataa. Amesema hawezi kumkabili mwanawe peke yake, na amemwomba shahidi afuatane naye. Shahidi amekubali.

Wametoka pamoja saa kumi na moja jioni.

Sahihi ya mlezi: (amesaini)
Sahihi ya ofisa: (amesaini)