Ahadi Niliyoiweka Kilimani kwa Jina Lako

Al Mansoura, Doha
Ijumaa, 14 Machi

Dada yangu mpendwa Virginia,

Natumai barua hii itakupata ukiwa mzima, wewe na huyo mgeni wa tumboni, na shemeji Pasta Dedan na kanisa lake lote. Mgongo umepunguza kuuma? Miguu bado inavimba? Mimi ni mzima wa mwili. Leo sikwenda ibadani Mesaimeer, kwenye makanisa yetu ya huku, ambako tunasali Ijumaa. Nimejifungia chumbani nikuandikie kwa kalamu, maana haya ya leo simu haiyawezi. Ungenikatiza katikati, nakujua.

Wajua nilivyokuwa nikimtunza Aji, yule bibi wa Kihindi, mamake Bosi. Aji ndiyo shosho, yaani nyanya, kwa lugha yao. Oktoba walinichukua twende nao kwao India, Aji akamuage mungu wa nyumbani kwao. Nilidhani ni hekalu la mjini, nikavaa viatu vya kisigino, mjinga mimi. Kumbe ni ngome ya wafalme wa zamani juu ya kilima, ngazi mia nne za mawe, kuta zimebomoka, mizinga imelala nyasini. Watu walihama kitambo. Aliyebaki ni huyo mungu wa kike peke yake, na kuhani anayepanda kila asubuhi kumfungulia mlango.

Aji alibebwa kwenye kiti na wanaume wanne, mimi nyuma na mkoba wake wa dawa. Mbele yetu, kona moja juu, nikasikia bangili za mwanamke zikilia. Tukikata kona, zimeshapita nyingine. Tukisimama kupumzika, nazo zinanyamaza. Virginia, ilikuwa saa nne asubuhi, jua linawaka! Tulipofika juu hapakuwa na mtu ila kuhani, naye akasema hakuna aliyetutangulia. Nilimwuliza Aji. Akacheka, akasema anazisikia tangu alipoletwa pale akiwa bi harusi, na kwamba nisiogope, mwenye bangili hamdhuru mtu, ila hasahau.

Ndani ni jiwe lililopakwa rangi nyekundu, lina macho makubwa ya fedha. Popote niliposimama yalinitazama. Wanawake humwekea mapajani mchele, nazi, kitambaa cha kijani na bangili, kisha huomba mtoto na kuweka ahadi. Aji akaniambia nami niombe. Nikakumbuka mimba zako tatu zilizotoka, na wale akina mama wa kanisa wanaokusengenya. Moyo ukaniuma, nikaomba. Nikaahidi kwamba mtoto akizaliwa ataletwa pale kabla hajatimiza mwaka. Niliahidi vile tunavyoahidi kwenye harambee kanisani: unanyanyua mkono, watu wanapiga makofi, na usipoleta kitu hakuna anayekufuata nyumbani.

Tuliporudi Doha, kila nikimwogesha Aji aliniuliza kama dada yangu ameshika mimba. Januari uliponipigia simu ukilia kwa furaha, sikumwambia. Kesho yake nilipoingia na beseni nilimkuta ameketi wima, yeye aliyekuwa hawezi hata kujigeuza, akaniambia ni msichana. Hata wewe ulikuwa hujui bado. Februari akafariki, mwili ukasafirishwa kwao. Tangu hapo zile bangili nazisikia kwenye ngazi za jengo letu, mchana kweupe. Stacy, ninayeishi naye chumba kimoja, anadai ni mabomba ya maji. Haya, na yawe mabomba.

Sasa nikuambie kinachonila roho. Siku ile kuhani aliuliza ahadi iwekwe kwa jina la nani. Aji akanitafsiria, akaeleza kwamba atakayetajwa ndiye atakayengojewa. Nilielewa vizuri sana. Niliogopa kujitaja, dada. Nikakutaja wewe, majina yako yote matatu, bila kukuuliza. Ulikuwa woga tu, sina neno jingine la kuuita. Nisamehe.

Ningenyamaza hadi nife. Lakini jana uliniandikia kwamba shemeji anataka mtoto aitwe Neema, ila wewe ulipokuwa ukiosha vyombo lilikujia jina jingine, Ambika, limekataa kukutoka kichwani, ukaniuliza kama ni la Kiarabu. Si la Kiarabu. Ni jina la mwenye kile kilima, na sijawahi kulitamka mbele yako wala mbele ya Mkenya yeyote.

Bosi na mkewe wanarudi kwao mwezi ujao kwa shughuli za marehemu, wamekubali niende nao. Nitapanda tena nimwombe alitoe jina lako aweke langu. Na kama ni lazima mtoto apelekwe, nitambeba mimi mwenyewe mgongoni. Shemeji umwambie au umfiche, hilo nakuachia. Ukimwambia, sitakasirika.

Nisalimie Mama na wote wanaoniulizia. Kula vizuri, usibebe ndoo. Na hadi nikuandikie kwamba nimeshuka salama, tafadhali usimwite mtoto kwa jina lile, hata kimoyomoyo. Kama umeshaanza kumwita, usinifiche: niambie kama anacheza tumboni ukilitaja.

Ni mimi mdogo wako, nikikupenda na kukuhofia,

Roselyne