Kinyozi Crisanto Palmares na Miezi Tuliyoongezewa

Umetimia mwaka, Baba, tangu sauti yako inyamaze hapa Pototan.

Ulikuwa msemaji. Mteja aliingia kupunguza nywele, akatoka anajua habari za mji mzima. Watoto uliwanyoa bure shule zikikaribia kufunguliwa, na aliyelia ulimwimbia mpaka akasahau.

Ulipopata mshtuko wa moyo ukapona, tulidhani hatari imepita. Daktari akatuonya kwamba moyo uliojeruhiwa huweza kugandisha damu ndani yake, bonge likapanda kichwani likaleta kiharusi, hasa wiki zile za mwanzo. Ukamcheka.

"Mgonjwa ni moyo. Kichwa kimekosa nini?"

Mama akakuwekea vidonge kiganjani. "Damu ni hiyo hiyo moja, mzee. Meza."

Ukameza, na samaki wa chumvi uliowapenda sana ukawaacha. Kisha ukaanza kuwahubiria wateja: mdomo ukipinda, mkono ukilegea, maneno yakivurugika, mtu akimbizwe hospitali, asiambiwe alale kwanza apumzike. Jirani yetu Epifanio alilalamika kwamba hotuba hiyo ameisikia kuliko misa.

Ni yeye uliyekuwa ukimnyoa ndevu wembe ulipokuponyoka. Alikutazama mdomo, akakubeba povu likiwa bado shavuni mwake, akakupakia kwenye bajaji. Daktari alisema mngechelewa kidogo tu, tungekupoteza siku ile ile.

Tukaongezewa miezi. Mkono wa kulia haukurudi sawasawa, na maneno yalikutoka moja moja, kwa shida. Basi ukawa msikilizaji. Binti yako Rowena alikueleza mambo ambayo hakuwahi kupata upenyo wa kuyasema nyumbani kwetu, nawe ukamshika mkono mpaka akamaliza.

Alasiri moja ulimwashiria Mama aketi mbele yako barazani. Ukamfungua nywele, ukaanza kumchana kwa mkono wa kushoto, taratibu, ukirudia pale kitana kilipokwama. Jua likahama, uji wako ukapoa. Mama akauliza kama hujachoka.

"Bado," ukasema. "Kaa."

Akakaa. Wiki ile ile kiharusi kikarudi, na safari hii hakikutupa nafasi.

Wanaokukumbuka ni mkeo Felicitas, wanao Rowena na Jovencio, mjukuu wako Mikay, na Epifanio, aliyeomba atajwe kama ndugu.

Siku zetu zote, Baba, hatutakusahau.