Taya ya Babu Yako

Selpha, taya ya babu yako Wanyonyi haikupigwa teke na ng'ombe. Ni babu yangu Kimeli aliyeivunja. Ametuambia saa hii, anakunywa chai tu.

1969 walikuwa wanagawana shamba la mzungu hapa Yamumbi. Watu watano wenye ndume za ng'ombe nzito zaidi wangepata ploti za mtoni. Babu yako, karani, alifunga ile nyepesi zaidi kati ya hizo tano kwenye geti. Ndume mpya ililinganishwa na hiyo pekee. Ikiizidi, ya geti inafunguliwa, inaenda nyumbani, na nyepesi zaidi kati ya tano za sasa inafungwa hapo.

Mwishowe ya geti ikawa ya Kimeli. Ikaja nyingine nzito kuliko yake.

"Kimeli, yako imeshindwa."

Kimeli akampiga babu yako rungu kwenye taya. Akaanguka, akampiga tena. Ameanguka na anampiga, Selpha.

Karani hakuweza kuongea, kwa hivyo hakuna aliyesoma majina ya walioshinda. Kimeli akakaa kwa ploti ya mtoni.

Ndiyo hii unalalanga kila Krismasi ukija kwetu.