Mama Tuzo wa Liuli Amenunua Viatu

Mbinga, Jumamosi asubuhi. Ukungu umekaa juu ya mji tangu alfajiri na hautaki kuondoka. Ni baridi ya Julai, ile ya kuvaa sweta mbili, lakini mimi siisikii. Nina hasira. Nimeshona zipu ya sketi ya mteja upande usio wake, nimefumua, nimeshona tena palepale pabaya. Nimezima cherehani. Acha niandike.

Naandika bila majina ya kweli. Mdogo wangu nitamwita mdogo wangu. Binti yake nitamwita Tuzo, na silo jina lake. Liuli ni Liuli kweli. Naitaja kwa sababu hawapo tena huko.

Mdogo wangu aliolewa Mkumbi, kwa mwanaume mwenye kahawa nzuri na mkono mbaya. Mwaka jana alimpiga akamvunja mkono. Wazee wa pande zote mbili walikaa, wakala, wakanywa, kisha wakamwambia avumilie, ndoa ndizo hizo. Akavumilia hadi mfupa ulipounga, akambeba Tuzo akateremka ziwani. Liuli hatuna ndugu hata mmoja, ndiyo maana aliichagua. Akapata chumba. Akapata kazi ya kuanika dagaa kwa mama mmoja mjane. Mtoto akaandikishwa shule. Nilijua mimi peke yangu. Mama yetu mzazi aliniuliza kila Jumapili tukitoka kanisani, nami nikamtazama usoni nikasema sijui.

Shule zilipofunguliwa juzijuzi, viatu vya Tuzo vilikuwa vimetoboka vidole vinachungulia. Mdogo wangu hakuthubutu kupanda Mbinga, asije akaonwa. Akaona usalama ni kununua kwa simu, kwenye tovuti ya duka la Mzee Twalibu, mzigo uje na basi alipie akipokea.

Hapa mjini nani asiyemjua Mzee Twalibu? Babu yake alitoka Kilwa, yeye kazaliwa hapahapa. Anauza viatu, mabegi, ndoo, na mabomba ya kupulizia dawa kwenye kahawa. Ukinunua kwake anakutangaza mpaka barabarani: "Mama Fulani huyo, kachukua jozi mbili! Haya, nani mwingine?" Tulikuwa tunacheka. Kutajwa na Mzee Twalibu ni heshima, unatoka pale umenyoosha shingo. Basi alipotengenezewa tovuti na kijana mmoja wa Songea, akamwagiza jambo moja tu: nataka na hiyo iite wateja kama mimi. Kijana akamwekea kidirisha kinachoibuka chini ya ukurasa kila mtu anaponunua kitu.

Fomu inataka jina, namba ya simu na mahali ulipo. Mdogo wangu akaona awe mjanja. Hakuandika jina la ubatizo wala la ukoo. Aliandika Mama Tuzo. Maofisini hilo si jina, ukilisema wanakuuliza la kwenye kitambulisho. Akadhani amejificha.

Lakini baba Tuzo je, halijui?

Alhamisi mchana alisimama mlangoni kwangu. Hakufoka, na mimi nimezoea akifoka. Alinisalimu vizuri, akauliza habari za kazi, akauliza habari za mama. Kisha akanigeuzia simu yake nione. Kidirisha kile: Mama Tuzo wa Liuli amenunua viatu vya shule vya kike, namba 30.

"Kumbe mguu wa mwanangu umefika thelathini," akasema. "Haya shemeji. Wasalimie Liuli."

Akaondoka taratibu. Wateja wangu wawili waliokuwepo walisema shemeji yako mstaarabu jamani.

Nilimpigia mdogo wangu palepale. Alikuwa kwenye vichanja vya dagaa, nasikia upepo. Nikamweleza. Hakulia. Aliniuliza tu kama yule alikuja na pikipiki au kwa miguu. Nikamwambia kwa miguu. Akasema basi ana muda, akakata simu.

Nilifunga kibanda nikaenda kwa Mzee Twalibu. Niliingia bila shikamoo, mimi niliyelelewa na mama yangu. Nikamwuliza kwa nini amemtangaza mdogo wangu. Akatabasamu, maskini. Akaniambia, mwanangu, mtu kanunua kwangu, nimtaje, hiyo si ndiyo shukrani? Ilibidi nimweleze kila kitu mbele ya mabomba na ndoo. Mkono. Chumba. Shemeji mlangoni. Tabasamu likaondoka.

Nikamwuliza jingine: mwanaume wa Mkumbi amefikaje kwenye ukurasa wa viatu vya watoto? Akakumbuka alivyosimuliwa na yule bwana mwenyewe alipopita dukani. Wakati wa kupulizia dawa, yule bwana aliingia kwenye tovuti kutazama bei ya bomba. Mara moja tu. Hakununua. Tangu hapo kila akifungua simu yake, aangalie mpira, aangalie habari, tangazo la duka linamtokea. Juzi akaligusa. Ndivyo kijana wa Songea alivyoiseti, akasema Mzee: mteja akiingia mara moja, sisi tunamfuata.

Tunamfuata! Na alisema kwa fahari kidogo, kabla hajasikia alichosema.

Nikaufungua ukurasa kwenye simu yangu. Chini kuna maandishi madogo kabisa: Tovuti hii inatumia vidakuzi ili kukuhudumia vizuri zaidi. Halafu kitufe. Nakubali. Nikatafuta cha kukataa, hakuna. Jamani! Hata posa ikiletwa nyumbani, binti anaitwa aulizwe, na akisema sitaki wazee wanarudi na mzigo wao. Hapa hata mlango wa sitaki hawakutoboa. Nikamwuliza Mzee vidakuzi ni nini. Hajui. Fundi alimwambia ni vialama vinavyobaki kwenye simu ya mtu ili duka limkumbuke. Nikamwuliza majina na simu za watu wote walioandika pale vinakaa wapi, na nani anavisoma. Hajui. Nani alimruhusu? Akasema mwanangu, hii ni biashara huria, kila duka linafanya hivyo. Nilitamani kupiga teke ndoo zote zilizopangwa pale.

Basi kitoe, nikasema. Kitoe sasa hivi. Akampigia kijana wa Songea. Simu haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani. Na tukiwa tumesimama pale kidirisha kikaibuka tena kwenye simu yangu, Mama Tuzo wa Liuli amenunua, kama jogoo asiyejua kumekucha zamani.

Ndipo nikafanya nilichofanya, na sijutii. Nikageuza ndoo moja, nikaikalia, nikaanza kuagiza. Mama Tuzo wa Liparamba, begi la shule. Mama Tuzo wa Mpepai, sandali. Mama Tuzo wa Lituhi, ndoo yenye mfuniko. Bi Zuhura, mke wa Mzee, akatoka uani kuuliza kelele za nini. Nikamwambia. Alifuta mikono kwenye kanga akachukua simu yake. Mama Tuzo wa Tunduru, viatu vya mpira. Mama Tuzo wa Mbamba Bay, bomba la kupulizia dawa. Mzee akalalamika tunamvurugia oda zake. "Nyamaza, baba Hadija," akasema Bi Zuhura, bila kuinua macho. "Umepiga kelele miaka yote, leo ni zamu yetu."

Kama ilimchanganya shemeji au haikumchanganya, sijui. Nasikia jana alionekana stendi akiuliza gari la Liuli. Nasikia pia aliuliza la Liparamba. Watu wanasema mengi. Na wewe shemeji, kama mtu amekuonyesha haya, soma mpaka mwisho. Faili lako lipo polisi, dawati la jinsia, na safari hii nimeliandikisha mimi, kwa jina langu kamili. Hilo nakuruhusu ulitangaze.

Kijana wa Songea alipatikana jana. Kukitoa kidirisha kulimchukua muda wa kumenya ndizi. Ndivyo ilivyokuwa rahisi! Nikamwambia afute na majina yote na simu zote. Akaniambia, dada, hizo taarifa ni mali, watu wananunua. Bi Zuhura akaninyang'anya simu. "Mwanangu," akamwambia kwa sauti ya upole iliyonitisha hata mimi, "hao ni watu. Futa." Anasema amefuta. Nitajuaje? Nani ataniambia ukweli?

Mdogo wangu alinipigia jana kwa namba ya mtu. Yuko salama, Tuzo yuko salama. Waliondoka Liuli Alhamisi ileile, wameacha chumba, wameacha kazi, yule mama mjane amewafungashia dagaa wa njiani. Nilipofungua mdomo kuuliza, akaniwahi.

"Dada, usiniulize niko wapi. Nisikupe mzigo wa kuficha."

Nimeficha mwaka mzima bila kuteleza. Mama yangu nimemdanganya kwenye ngazi za kanisa. Na leo hata mimi sistahili kujua. Simlaumu. Ningekuwa yeye ningefanya vilevile. Lakini inauma, na sitajifanya haiumi.

Asubuhi hii Mzee Twalibu alikuja hapa kibandani mwenyewe, kwa miguu, kwenye ukungu. Nilimpa shikamoo. Kiti sikumpa. Alisimama mlangoni, palepale aliposimama yule mwingine, akaniwekea boksi mezani. Limerudi na basi, hakutokea mtu wa kulipokea. Hela amekataa. Alisema pole mara tatu. Kisha akaondoka. Ni mara ya kwanza kumwona mzee yule akipita barabarani bila kumwita mtu.

Juu ya boksi wameandika kwa kalamu nene: MAMA TUZO, LIULI. Kondakta kasoma, wapakia mizigo wamesoma, stendi nzima imesoma. Nimekwangua kwa mkasi wangu mpaka karatasi ikatoka.

Viatu ni vizuri. Vyeusi, vya kufunga kwa mkanda, soli ngumu ya kupigana na changarawe. Nimevisogeza karibu na cherehani, nimevirudisha kwenye boksi, nimevitoa tena.

Kesho nitaenda kanisani, mama ataniuliza, nami nitasema sijui. Safari hii itakuwa kweli.

Tuzo ana miaka saba. Namba thelathini itamtosha mpaka lini?