Namba ya Baba Miguuni pa Maria

Mama, habari ya Kianda? Natumai mguu umepoa kidogo.

Huku kwa hija kuna baridi ya kukata masikio, lakini ile picha ya Bikira Maria ambayo Baba aliichora kwa ajili ya mahali hapa imefika bila mkwaruzo. Jumuiya yetu iliibeba mabegani ikiimba. Padri alipoifunua, watu wote wakasogea karibu. Ndipo nikaona, pale chini miguuni pa Maria, namba ya simu ya Baba, kwa ile rangi nyekundu aliyoandikia mabango ya saluni zote za mtaa wa Kawangware 56. Mazoea tu, mzee hakuwahi kumaliza kazi bila kuweka namba.

Nilishikwa na aibu, nikamwomba Padri tuifute. Akauliza mchoraji yuko wapi. Nikamwambia tulimzika kabla rangi haijakauka.

Akasema, "Basi iacheni."

Sasa mahujaji wanapiga magoti pale, na wengine wanaandika ile namba. Mama, najua simu yake iko chini ya mto wako, imezimwa. Iweke kwa chaji. Ikilia, usiogope. Pengine ni mtu anaomba kuombewa, pengine ni mimi.

Achieng wako