Uso wa Mama Mdogo

Jumatatu, 2 Septemba

Kazi mpya: blanketi. Mteja anataka bango kubwa la njia panda, na baadaye mabango madogo ya vituo vya basi. Koma, mwandishi wetu wa maneno (tunamwita hivyo kwa sababu kila sentensi yake ina koma tatu), ameshaleta kaulimbiu: "Kama kukumbatiwa." Maneno mawili, koma hana pa kuiweka. Nimemwonea huruma.

Kitu kimoja sikielewi. Kwa nini watu wa kwenye matangazo lazima wacheke? Nani anacheka akiwa na blanketi? Mtu mwenye blanketi analala. Nimepitia picha za kununua mtandaoni mpaka macho yakaniuma — wanawake wote meno nje, wanalichekea blanketi kana kwamba limewasimulia kitu. Nikachoka. Nikatia kwenye rasimu picha ya mama mdogo, niliyompiga mwenyewe kwa simu. Kajitanda shali, anatazama pembeni, kafumba mdomo. Ya kushikia nafasi tu, mpaka apatikane mwanamitindo. Sote tunafanya hivyo. Koma aliwahi kumweka shemeji yake kwenye rasimu ya dawa ya minyoo.

Jumatano, 4 Septemba

Mteja ameona rasimu. Fonti hakuitazama. Rangi, ambayo nimehangaika nayo siku nzima, hakuitazama. Akaweka kidole kwenye uso wa mama mdogo: huyu huyu. Nikamweleza kwamba huyo ni mama yangu mdogo, hajawahi kusimama mbele ya kamera ya kazi. Ndiyo maana namtaka, akasema.

Hii kazi inanichanganya. Unachokichagua kwa jasho hawakioni. Ulichokibandika bila kufikiri ndicho wanachokigombania.

Jioni nikaenda kumwomba ridhaa. Alikuwa anapiga pasi. Akacheka, akauliza kama hao watu wana macho. Kisha akazima pasi, akaenda chumbani, na kwa jinsi alivyokawia nilijua yuko mbele ya kioo. Aliporudi: "Haya. Lakini usinizeeshe, mwanangu."

Namwandika hapa nimkumbuke alivyokuwa leo, kwa sababu sijawahi kumwona hivyo. Mama mdogo ndiye aliyenilea mama alipofariki, mimi nikiwa binti wa darasa la saba. Mama alikuwa mzuri wa kusimamisha watu njiani. Mama mdogo maisha yake yote ameitwa "mdogo wake yule mzuri", mbele yake, na wageni wenye kikombe chake mkononi. Leo ananisindikiza mpaka getini na keshamwambia jirani.

Jumanne, 10 Septemba

Marekebisho. Mteja anasema nitoe makunyanzi kidogo. Nikatoa. Kidogo tena. Halafu anataka "joto zaidi" shavuni. Joto la shavu ni rangi gani? Bosi hajui, Koma hajui, mimi niliyelipwa kujua sijui.

Zamani hii ilikuwa kazi ya watu wachache. Sasa kila mtu na simu yake. Waimbaji wote wana pua moja siku hizi, sijui wanapokezana. Basi na mimi nikafanya langu, leya juu ya leya: kila badiliko tabaka lake, ili ukitaka kulizima ulizime bila kugusa picha ya chini. Nikalainisha ngozi. Nikainua nyusi. Taya nikalipunguza — hilo mteja hakuliomba. Mkono ulikwenda wenyewe.

Nilipomaliza nilikaa nikaitazama mpaka chai ikapoa. Niliipenda mno. Sijui kwa nini niliipenda vile.

Mama mdogo alipiga simu kutaka kuiona. Nikamwambia avute subira, aione ikiwa kubwa.

Ijumaa, 20 Septemba

Bango limepanda. Nimelipita nikiwa na haraka, kichwa chini. Siwezi kutazama kazi yangu siku ya kwanza. Naona aibu kama nimepita na nguo ya ndani.

Jumamosi, 21 Septemba

Sijui nianzie wapi.

Tulikwenda kuliona. Mama mdogo kavaa gauni lake la bluu, viatu vya kisigino, kamleta na jirani yake fundi cherehani awe shahidi. Tukavuka barabara, tukasimama. Nikainua uso.

Mama.

Mama yangu, mkubwa kuliko nyumba, kajitanda shali, anatazama pembeni. Karibu wiki tatu naishi na ile picha kwenye kompyuta na sikumwona. Au nilimwona. Hapo ndipo akili inaponigomea.

Fundi cherehani, maskini, hana kosa. Akashika mdomo. Akasema si marehemu dada yako huyo, Mungu amrehemu, alivyokuwa mzuri yule mwanamke. Mama mdogo akajibu, "Ndiyo. Ni yeye." Akageuka. Nikamfuata, akaniambia niwahi nyumbani, baba yangu atakuwa na njaa.

Jumatatu, 23 Septemba

Mama mdogo hapokei simu. Nimepiga asubuhi, nimepiga mchana. Huyu ni mtu ambaye nikichelewa kumpigia yeye hunipigia kuuliza kama nimekufa.

Na baba naye. Koma kaniambia amemwona mzee wangu njia panda, amekalia ukingo wa duka la viatu, anatazama juu. Jana pia alimwona. Nikakumbuka amenyoa ndevu siku mbili mfululizo, yeye anayenyoa kwa kulazimishwa. Nikaogopa. Nikamkalisha sebuleni, nikaanza polepole, kama unavyoongea na mgonjwa: baba, yule wa kwenye bango si mama.

"Najua ni shemeji," akasema. "Mimi sijachanganyikiwa. Aliyechanganyikiwa ni wewe uliyemtengeneza."

Akakung'uta suruali. Halafu akaomba, na baba yangu si mtu wa kuomba, kama inawezekana lisishuke upesi.

Jumatano, 25 Septemba

Mteja anasema blanketi zinakwenda. Anataka sasa yale mabango ya vituo vya basi, mji mzima, uso ule ule. Picha ifike kwa mpiga chapa kesho.

Nikamweleza Bosi yote. Alinisikiliza vizuri kuliko nilivyotegemea. Akasema mwenye uso ndiye mwenye neno: akikataa, tunaiondoa picha, akitaka uso wake wa kweli, yeye Bosi atapigana na mteja hata kama mteja atanuna. Lakini lazima aseme mwenyewe.

Nikaenda. Alinifungulia, tena alinipa kiti. Akarudi kwenye pasi.

"Nilidhani safari hii wamenichagua mimi," akasema. Hakuinua sauti. "Watu wananipa hongera ya dada yangu. Nakulea mimi, nakupeleka shule mimi, halafu unanipata mbele yako unanifuta, unamweka yeye."

Nikasema samahani. Nikasema sikukusudia, mkono ulikwenda wenyewe. Akauliza, mkono wako ulikuwa wa nani? Ninampenda mama mdogo. Namkumbuka mama. Nilikuwa sijui kwamba mambo hayo mawili yanaweza kugombania nafasi moja.

Nikamwambia kuhusu kesho: akisema neno, uso wake wa kweli ndio utakaokwenda. Sikumwambia kuhusu baba. Halafu nikamwambia. Pasi ikasimama juu ya kola, nikasikia harufu ya kuungua, akaiinua.

Alhamisi, 26 Septemba

Amekuja ofisini. Hakuarifu, hakupiga simu, kaja tu na mkoba wake, Bosi akampa kiti chake mwenyewe. Akaketi kando yangu. "Nionyeshe ulivyonifanya."

Nikafungua. Mama akajaa kioo. Nikaanza kuzima leya, moja baada ya nyingine. Joto la shavu likatoka. Nyusi zikashuka. Taya likarudi lilivyokuwa. Katikati akaniambia nisimame hapo, na pale palikuwa na mtu nisiyemjua, si huyu wala si yule. Akamwangalia sana. Endelea, akasema.

Nikazima ya mwisho. Makunyanzi yake yote, kovu dogo la kidevuni, macho yamechoka kidogo. Picha yangu ya simu. Kwa macho ya kazi tu, niyaache mapenzi pembeni, ndiyo picha nzuri zaidi kati ya hizo mbili. Nilimwambia hivyo. Sijui kama aliamini.

"Kumbe nimemzidi umri," akasema. "Yeye alibaki pale pale. Sasa ni mdogo wangu."

Akanitaka nimrudishe. Nikawasha. Akanitaka nimwondoe. Nikazima. Mwishowe akachukua kipanya mwenyewe. Nimemwonyesha pa kubonyeza, nami nimevuta daftari hili kwa sababu mikono yangu haina kazi na sijui nitazame wapi.

Anawasha, anazima. Akiwasha midomo yake inacheza, anasema kitu ambacho hakinihusu. Baba ametuma ujumbe kuuliza kama shemeji amefika salama; kumbe yeye alijua anakuja. Bosi yuko mlangoni, simu kifuani, mteja yuko hewani anataka kujua ni uso gani unakwenda. Namtazama mama mdogo. Yeye hajageuka.

"Mwambie asubiri," amesema, na amewasha tena.