Mkanda wa Kupandia Kitonga

Baba,

Kesho alfajiri tunakuja kukujengea kaburi, na tunakuja na gari lako. Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kiti cha dereva, hapa uani Kibamba, mchana wa jua kali, kwa sababu huko ndani kila mtu ana la kunishauri na mimi nimeshachoka kushauriwa. Nina la kukuambia. Hutalipenda, lakini safari hii huwezi kuinuka mezani ukaniacha naongea peke yangu.

Aliyetaka gari lako ni Mama. Tulimwambia basi zuri, atalala njia nzima. Akasema wewe ulipelekwa Iringa kwa gari la kukodi, lako likabaki hapa uani kama halikujui, na yeye haendi kukusimikia msalaba kwa usafiri wa kukodi tena. Unamjua akishasema hivyo. Na dereva wa nyumba hii siku hizi ni mimi, uliyenifundisha mwenyewe kwenye barabara ya vumbi nyuma ya kanisa huku ukinipigia kelele, "Klachi, mama, klachi!" Nampeleka Mama kliniki ya presha, namrudisha, ndipo nakwenda kufungua duka langu la dawa.

Basi nikamwita fundi wako, Hamisi, aje alikague gari kabla ya safari. Oili sawa, breki sawa. Akafungua kava la mkanda wa taimingi, akaniita. Mkanda ulikuwa na nyufa kila penye jino, na upande mmoja umelowa oili. Akanieleza kwamba mkanda ule ndio unaopanga mwendo wa valvu na pistoni, na kwa injini kama yako, ukikatika gari likiwa linatembea, valvu zinagongana na pistoni, na hapo huna injini tena. Nikamuuliza, na ukikatika tukiwa tunapanda Kitonga? Akafuta mikono kwenye tambara.

"Sista, hilo usiliseme kwa sauti."

Kitonga tunaijua wote. Lori mbele yako, lori nyuma yako, bonde ubavuni, na gari likizima huna pa kulisogeza.

Nilikukasirikia, Baba. Nasema wazi. Mkanda ule niliuona ukinunuliwa. Tulikwenda wote Buguruni, kwenye yadi ya injini zilizokatwa, kijana akauchomoa kwenye injini iliyotoka Japani, ukaukunja, ukaunusa, ukatabasamu. "Mtumba wa Japani, mama. Huu ni bora kuliko mpya wa Kichina." Ndivyo ulivyonunua friji, pasi na redio, na godoro pia ungelinunua hivyo kama Mama asingekuja juu. Mara nyingi ulikuwa sahihi, friji linagandisha mpaka leo. Lakini nimempeleka Mama hospitali na kumrudisha sijui mara ngapi tukiwa tumening'inia kwenye ule mpira uliochoka, na mimi nikidhani gari liko sawa kwa kuwa wewe ulitabasamu.

Baba Mdogo alipopata habari, akaja kutoka Temeke jioni ile ile na kifurushi cha gazeti. Ndani yake mkanda, mtumba, kutoka yadi ile ile. Akaniwekea mapajani kwa mikono miwili. "Huu ndio angeuchukua kaka." Nami nikaanza kuugeuza kutafuta tarehe, maana kazi yangu imeniharibu, kila kitu nakigeuza kutafuta tarehe. Maandishi yote yalikuwa yamefutika. Nikamwambia, Baba Mdogo, dawa iliyokwisha muda inang'aa vile vile kama mpya, na mpira unazeeka hata ukikaa bila kazi. Ingekuwa giaboksi ningeichukua na shukrani juu. Mpira, hapana.

"Kwa hiyo baba yako alikuwa mjinga?"

Mama alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, hata uso hakuinua. Akauliza, "Anayeendesha nani?" Akatoa kijiwe kwenye mchele, akakitupa. "Basi achague anayeendesha." Baba Mdogo akasema yeye atapanda basi, gari la kaka yake lililotiwa vitu vya Kichina hapandi, akaondoka bila kugusa chai.

Hapo ndipo hofu ilipoanza. Mkanda wako ukikatika, watu watasema bahati mbaya. Wangu ukikatika, ni mimi niliyejifanya najua kuliko marehemu, na Mama yumo ndani ya gari.

Nikachukua kadi ya gari nikaenda Buguruni kwenye duka la vipuri vipya. Wakaangalia jina la gari na mwaka, wakanipa mkanda. Boksi safi, tarehe ya karibuni. Nikarudi nao hapa uani nikaulaza chini mbele ya Hamisi, sambamba na ule wa zamani. Ulikuwa mwembamba zaidi, umepungua kama upana wa kucha ya kidole kidogo. "Utaingia tu, dada," Hamisi akasema, "tutaukaza." Nilikaribia kukubali, Baba. Nilikuwa nimechoka, na safari ilikuwa imeshafika mlangoni. Badala yake nikaja kukaa kwenye kiti hiki hiki nikakuuliza wewe: kwa nini gari lako halikubaliani na kadi yake?

Nikaikumbuka ile injini ya sebuleni. Nilikuwa bado shule ya msingi. Injini iliyokuja na gari hili ilikufa, ukanunua nyingine, mtumba wa Japani bila shaka, na kwa kuwaogopa wezi ukaiweka sebuleni, ukaifunika kwa kanga ya Mama. Jumuiya ikaja kusali kwetu, watu wakakaa kuizunguka, na bibi mmoja akaisalimia akidhani ni mgonjwa amelala. Mama hakuongea na wewe mpaka ilipotoka. Lakini kadi hukuirekebisha. Miaka yote hii kadi ilikuwa inaeleza habari za injini iliyokufa.

Nikachukua tochi na mswaki mkuukuu, nikasugua ubavu wa injini mpaka namba yake ikaonekana. Nikaenda nayo Mikocheni, kwa mama mmoja wa Kihindi mwenye duka la vipuri alilorithi kwa baba yake. Nilimnyooshea kadi, hakuigusa. "Hiyo weka, dada. Nipe namba ya injini, na mkanda wako wa zamani nipime." Akahesabu meno kwa kidole, midomo ikicheza, akapotea, akaanza upya. Mkanda peke yake alikataa kuniuzia. Akaniwekea na tenshena yake ya kuukaza, beringi zake, pampu ya maji na sili za kuzuia oili isivuje, akasema mkanda mpya juu ya beringi iliyochoka ni kazi bure, beringi ikikwama inaukata. Kisha akaniambia nizungushe beringi mwenyewe karibu na sikio.

"Sikiliza, mama." Hivyo ndivyo wewe, Baba, ulivyokuwaga unaniambia tukifika kijijini, boneti iko juu, watoto wa shangazi wanatusubiri, na wewe huzimi gari mpaka tuisikilize injini kwanza, mimi na wewe. Nikasikiliza. Beringi ilizunguka laini, haikukwaruza. Nikamuuliza yule mama, na visipofaa? "Rudisha. Mie niko hapa, siendi popote." Nikalipa haraka nikatoka nje, kwa sababu maneno hayo yalinikuta vibaya.

Leo asubuhi Hamisi akaja akavifunga vipuri vyote. Kabla ya kuwasha aliizungusha injini kwa spana, kwa mkono, taratibu, mizunguko miwili. Ikigonga popote, tumekosea. Mama akatoka akasimama mlangoni. Katikati ya mzunguko wa pili spana ikawa nzito, Hamisi akaacha. Nilimtazama mikono, sikuthubutu kumtazama uso. Akaongeza nguvu kidogo, spana ikapita. "Upepo uliobanwa ndani tu," akasema, na alama alizozipanga kabla ya kufunga mkanda zote zikarudi mahali pake. Nikawasha mwenyewe, na gari likaitika.

Nimefika hapa kwenye barua, geti limegongwa. Ni Baba Mdogo, na begi lake la safari. Hakunisalimia kwanza, akasema tu, "Iwashe." Nikaiwasha. Ameinama kwenye boneti muda mrefu, kichwa upande, kama wewe kabisa, mpaka nikageuza uso. Hakusema ni nzuri. Amefunga boneti, ameweka begi kwenye buti, akaniambia, "Mie nakaa mbele." Mkanda wake wa gazeti nimeuweka kwenye buti pia, kando ya tairi la akiba.

Bado naogopa, Baba. Nitaogopa mpaka Kitonga ibaki nyuma yetu. Lakini hukuwa mjinga, na hilo nitamwambia Baba Mdogo njiani. Uliamini vitu vilivyotufikisha, na mimi naamini nilichokisikia kwa sikio ulilonifundisha wewe.

Kwaheri kwa sasa, Baba yangu. Nakuahidi mkanda huu nitaubadilisha kabla haujachoka, na Mama sitampandisha kwenye kitu nisichokijua. Na kesho tukifika sitazima gari kwanza. Nitaliegesha karibu kabisa na makaburi, nitafungua boneti, nitaiacha injini iungurume.

Wewe sikiliza tu.

Binti yako,
Neema